Risasi ya vita si risasi ya mnyama: kwa nini kiboko wetu hakufa



Jioni moja, kando ya ziwa upande wa Kavimvira, tulisikia bunduki ikilia. Haikulia mara moja. Ililia mfululizo, ikanyamaza, ikalia tena. Watu walikimbia kwanza, juu hapa kwetu ukisikia mlio ule hauulizi maswali. Kiisha tukaambiwa: tulieni, ni kiboko tu. Alikuwa ameharibu mashamba na kumjeruhi mvuvi mmoja, sasa wanaume wenye kalash walikuja kumaliza ile shida.

Hawakuimaliza. Walipiga risasi zaidi ya 20, kiboko akazama majini, na asubuhi damu ilionekana kwenye matete. Juma zima wavuvi hawakuthubutu kutoka usiku. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu wake alituambia: "Sasa ndiyo bamemufanya mubaya zaidi. Kiboko mwenye kidonda, ule hasamehe mutu."

Tukiwa njiani kurudi, mdogo wetu mmoja aliyemaliza fizikia akaniuliza: "Yaya, risasi 20 zote, na nyama haikufa? Kalash inapenya ukuta wa matofali, inashindwa na ngozi?" Nilijibu jibu la kijinga: eti kiboko ni mkubwa. Lakini swali lilinisumbua, nikaanza kusoma. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Niseme mapema: sifundishi mtu kwenda kuwinda. Katika nchi yetu uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na ulinzi wa viumbe una sheria ya tarehe 11 Februari 2014. Kuwinda bila kibali ni kosa, na silaha ya vita si ya raia. Lakini watu wanaishi na wanyama, bunduki zimejaa, na kila mtu anaongea kuhusu risasi kama anazijua. Heri tuzijue kweli.

1. Tuelewane kwanza kwa maneno

Kile tunachoita "risasi" kwa kawaida ni vitu vinne pamoja. Kuna ganda la shaba ya manjano. Ndani yake kuna baruti. Nyuma kuna fataki ndogo inayowasha baruti ikigongwa. Na mbele kuna kichwa, ambacho peke yake ndicho kinachoruka. Vingine vyote vinabaki nyuma.

Mtu anayechagua risasi ya kuwinda anafikiria hasa kile kichwa. Bunduki mbili zinaweza kuwa na upana sawa wa mtutu na baruti sawa, lakini vichwa tofauti, na matokeo yakawa tofauti kabisa. Kimoja kinamwangusha mnyama hatua chache kutoka pale aliposimama. Kingine kinampita kama sindano, na mnyama anaenda kufia mbali baada ya siku tatu, hakuna aliyemla isipokuwa fisi na nzi.

Upana wa kichwa ndio watu wanaita kaliba. Wazungu wengine wanaupima kwa milimita, wengine kwa sehemu ya inchi. Kwa hiyo ukisikia ".375", ni inchi 0.375, yaani milimita 9.5 hivi. Kalash inaitwa 7.62, ni milimita.

2. Risasi inaua namna gani

Wengi wanafikiri risasi inaua kwa "nguvu", kama pigo la nyundo. Sivyo. Mnyama anakufa upesi kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kuharibu ubongo au uti wa mgongo wa juu: mnyama anaanguka palepale. Ya pili ni kufungua moyo na mapafu: damu inatoka haraka, ubongo unakosa hewa, na ndani ya muda mfupi anaanguka. Mwindaji mwenye akili analenga mapafu na moyo, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, juu huku ndiko kulengo kubwa na la uhakika kuliko kichwa kinachotikisika.

Basi kichwa cha risasi kina kazi mbili. Moja: kifike. Kipite ngozi, nyama, labda na mbavu au mfupa wa bega, kifike kwenye mapafu na moyo. Mbili: kikifika, kifungue tundu kubwa la kutosha.

Shida ni kwamba kazi hizi mbili zinapigana. Kichwa kinachofunguka kinapanuka kama uyoga, kinararua zaidi, lakini kupanuka huko kunakifunga breki, hakiendi mbali. Kichwa kigumu kisichofunguka kinaenda mbali, lakini kinaacha tundu jembamba. Uchaguzi wote wa risasi za uwindaji, tangu zaidi ya miaka 100, ni kutafuta uwiano kati ya kufika na kufungua, kufuatana na mnyama aliye mbele yako.

3. Wanyama wa kati: kichwa lazima kifunguke

Katika vitabu vya Ulaya na Marekani utasoma sana kuhusu wale wanyama wenye pembe za matawi ambao Wafaransa wanawaita "cerf". Kwetu hawapo, lakini tuna wenzao kwa ukubwa: pongo wa milimani, swala wa nyanda, nguruwe pori. Pongo dume ana kilo 40 mpaka 80. Kifua chake si kinene. Kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni chini ya urefu wa rula yako ya shule.

Kwa mnyama kama huyo, kufika si shida. Shida ni kufungua. Kwa hiyo mwindaji anachagua kichwa chenye ncha laini: madini laini ya risasi ndani, gamba jembamba la shaba nje, na ncha imeachwa wazi. Kikigonga nyama, ncha inabonyea, gamba linapasuka kuelekea nyuma, na kichwa kinapanuka karibu mara mbili ya upana wake wa kwanza. Kinararua mapafu, kinatoka upande wa pili, mnyama anakimbia kidogo, anaanguka.

Uingereza wameiandika katika sheria. Kwa kuwinda hawa wenye pembe za matawi kwa bunduki ya kawaida, kichwa lazima kiwe cha kufunguka, na England na Wales, kwa aina nyingi, risasi lazima itoke mtutuni na nishati isiyopungua jouli 2,305. Kumbukeni hiyo namba, tutairudia.

Lakini kufunguka nako kuna kipimo chake. Mwaka 1946 Mmarekani aitwaye John Nosler alikuwa akiwinda Kanada mnyama mkubwa wa familia hiyo, anayeitwa "élan" kwa Kifaransa, mwenye mamia ya kilo. Vichwa vyake vilikuwa vya kasi na laini sana: vilipasuka juu juu kwenye bega, havikufika ndani. Aliporudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Sehemu ya mbele inafunguka, sehemu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kuanzia 1948 alikiuza, na kinauzwa mpaka leo. Hilo ndilo wazo la kichwa cha kisasa: mbele laini, nyuma gumu.

4. Wanyama wakubwa: kichwa lazima kifike

Sasa badilisha mnyama. Nyati ana kilo 500 mpaka 800, mbavu pana, misuli minene. Kiboko mkubwa anapita tani moja na nusu, na ngozi yake inaweza kufika unene wa sentimita 5. Tembo ni zaidi ya hapo, na fuvu lake ni kama sega la nyuki: mifupa yenye vyumba vya hewa, na ubongo umejificha ndani kabisa.

Hapa ncha laini ya pongo ni hatari kwa mwindaji mwenyewe. Itafunguka ndani ya ngozi na misuli, isimame kabla ya kufika kwenye mapafu, na sasa una mnyama mwenye hasira na kidonda cha juu juu. Ndiyo maana kwa kiboko na tembo watu wametumia vichwa vigumu visivyofunguka kabisa, vya gamba nene la chuma au vya shaba tupu, vyenye pua ya mviringo au bapa. Kwa nyati wengi wanaanza na kichwa kinachofunguka polepole, chenye gamba nene lililoshikamana na kiini, kiisha wanafuatisha vigumu.

Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kisheria, kanuni inadai kaliba isiyo chini ya .375 kwa wanyama wa hatari. Risasi ya .375 iliyo mashuhuri ilitolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London. Kichwa chake kina gramu 19.4 na kinatoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde.

Hapo mtu atasema: kumbe ni ukubwa tu! Kaliba kubwa kwa mnyama mkubwa, basi. Ngoja kwanza. Kuna mtu mmoja katika historia ya eneo letu anayevuruga hesabu hiyo.

5. Yule Bell na bunduki yake nyembamba

Walter Bell alikuwa Mskoti, aliyezaliwa 1880. Aliwinda tembo kwa biashara ya pembe katika Karamoja, kaskazini ya Uganda, na katika Lado, ile sehemu ya juu ya Mto Nile iliyokuwa mikononi mwa mfalme Leopold II mpaka alipofariki Desemba 1909. Aliua tembo zaidi ya 1,000. Leo tunasoma namba hiyo kwa uchungu, na ni haki. Lakini kwa swali letu, jambo la ajabu ni hili: wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7. Nyembamba kuliko kalash!

Twende kwenye hesabu, wanafizikia mpo. Nishati ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Kichwa cha Bell kilikuwa na gramu 11.2, kasi ya mita 700 kwa sekunde: jouli 2,750 hivi. Kichwa cha kalash kina gramu 8, kasi mita 715: jouli 2,000 hivi. Ile .375 inatoa jouli 5,700 na zaidi. Kwa nishati peke yake, Bell yuko karibu na kalash kuliko .375. Basi kwa nini tembo wa Bell alianguka na kiboko wa Kavimvira akaondoka?

Sasa gawa uzito wa kichwa kwa eneo la duara lake. Hiyo inakuambia kuna gramu ngapi zinazosukuma nyuma ya kila sentimita mraba ya pua.

Kalash: gramu 16 hivi kwa sentimita mraba.
Milimita 7 ya Bell: gramu 27.
.375: gramu 27.

Umeona? Bell na .375 wako sawa kabisa, na kalash iko mbali chini. Kichwa cha Bell kilikuwa kirefu, kizito kwa wembamba wake, chenye gamba nene na pua ya mviringo, kwa hiyo kilisafiri moja kwa moja kama msumari mrefu. Na tena Bell alijua mwili wa tembo. Alikuwa akipasua mafuvu kuchunguza ubongo unakaa wapi, akausogelea mnyama karibu, akapiga risasi moja fasi moja.

Kwa hiyo mambo matatu yanakwenda pamoja: kichwa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, uzito unaokisukuma, na mkono unaojua pa kukipeleka. Ukubwa wa kaliba unasaidia, hasa siku mkono ukitetemeka, na ndiyo sababu sheria leo haimruhusu mtu kumwiga Bell. Lakini ukubwa hauchukui nafasi ya yale matatu.

6. Kwa nini risasi ya vita haifunguki

Sasa turudi kwa kalash. Risasi yake haikutengenezwa kwa mnyama yeyote. Gamba lake linafunika ncha yote. Haifunguki, na haifunguki kwa makusudi. Tena kuna sheria nyuma yake.

Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walitengeneza huko Dum Dum, karibu na Calcutta nchini India, vichwa vyenye ncha wazi kwa ajili ya vita vyao vya kikoloni. Majeraha yalikuwa ya kutisha. Tarehe 29 Julai 1899, kule La Haye, mataifa yalitangaza kwamba katika vita hayatatumia risasi zinazofunguka au kubonyea kirahisi ndani ya mwili wa mtu. Leo jambo hilo limo pia kati ya makosa ya kivita katika Mkataba wa Roma wa mahakama ya kimataifa, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002.

Angalieni ukinzani huu. Kwa mwanadamu, sheria inasema: risasi isifunguke, juu kusudi la vita ni kumtoa askari vitani, si kumrarua. Kwa mnyama, sheria ya nchi nyingi inasema kinyume: risasi ifunguke, juu kusudi ni afe upesi bila mateso. Kwa hiyo anayempiga mnyama kwa risasi ya vita anampiga kwa kitu ambacho walimwengu walikubaliana kisimwue haraka. Nilipoelewa hapo, ndipo nilipoelewa ile damu kwenye matete.

Tena kuna hili. Kile kichwa cha kalash cha aina ya zamani ya Kirusi, kikiingia nyamani, kinaenda ncha mbele kwa sentimita 25 hivi kabla ya kuanza kugeuka ubavu. Sasa weka hiyo rula juu ya wanyama wawili:

Kwa pongo, kifua chote ni karibu na sentimita hizo. Kichwa kinaingia upande huu, kinatoka upande ule, kabla hakijageuka. Tundu ni jembamba kama kalamu. Pongo anakimbia kilomita nzima.

Kwa kiboko, kichwa kinapoteza mwendo kwenye ngozi na misuli, kiisha kinageuka ubavu. Kitu kinachokwenda ubavu kinasimama upesi. Kinakwama kwenye nyama, hakifiki kwenye moyo.

Basi kwa mdogo wangu wa fizikia, jibu ni hili: kwa pongo kalash inafika lakini haifungui, kwa kiboko haifungui na haifiki. Na jouli zake 2,000 haziwezi hata kufikia zile 2,305 ambazo Mwingereza anadai kwa mnyama wa pembe za matawi. Ukuta wa matofali haunyooshi mkono kusema "mimi sina moyo wa kutafutwa." Mnyama anao, na lazima uufikie.

Ndiyo maana risasi 20 hazikuwa sawa na risasi moja nzuri. Zilikuwa vidonda 20 vidogo, kwa wale risasi zilizomgusa. Zile zilizokosa nazo zina habari yake. Risasi ikigonga maji kwa pembe ndogo haizami, inaruka kama jiwe bapa ambalo watoto wanalirusha ziwani, na inaweza kwenda mbali sana. Usiku ule kulikuwa na mitumbwi yenye taa kule mbele. Mungu alisaidia.

7. Si kiboko mmoja tu

Watu wa huku wote wanamjua kwa jina Gustave, yule mamba mkubwa wa delta ya Rusizi na pwani ya kaskazini ya Tanganyika, anayesemekana kuua watu wengi upande wa Burundi. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia miaka mingi na kujaribu kumnasa kwa mtego wa chuma, bila kufaulu. Moja ya alama ambazo watu walimtambua nazo ni makovu yanayosemekana kuwa ya risasi. Iwe kweli zote au nusu, picha ni ileile: watu wamepiga, mnyama amebaki, na hofu imeongezeka.

Upana wa jambo ni mkubwa zaidi. Katika Virunga, kuzunguka ziwa Édouard, walihesabiwa viboko karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Kufikia 2005 walibaki chini ya 1,000. Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa 1970, ilipoteza karibu tembo wake wote wa sehemu ya milimani katika vita vya miaka ya 1990. Waliuawa hasa kwa silaha za vita, zinazopiga mfululizo, ambapo wingi wa risasi unachukua nafasi ya ujuzi. Mnyama mkubwa akipigwa risasi 40 mbaya, mwishowe atakufa. Na nyuma ya kila aliyekufa kuna aliyekimbia na vidonda ambaye hakuna mtu anayemhesabu.

8. Neno lenyewe linatuonya

Kiswahili kina hekima yake. "Risasi" ni jina la kile kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu ambayo Wafaransa wanaita "plomb". Na madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama cha madini hayo mwilini, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa katika ubongo.

Kile kichwa laini tulichokisifu, kinapofunguka ndani ya mnyama kinaacha vipande vidogo sana, vingine havionekani kwa macho, na vinatawanyika mbali na kidonda. Unapika, unakula. Tai na fisi wanaokula matumbo yaliyoachwa nao wanapata sehemu yao. Marekani, jimbo la California liliamua kwa sheria ya 2013 kuacha risasi za madini hayo katika uwindaji wote, na tangu Julai 2019 ni marufuku kabisa. Sababu kubwa ilikuwa ndege mmoja mkubwa wa huko mla mizoga aliyekuwa akiangamia.

Tuwe wakweli: kichwa cha kalash chenye kiini cha chuma hakimwagi sana sumu hii kama hakikupasuka. Kwa upande wa sumu, wa kuogopa zaidi kwetu ni zile kartushi za kaliba 12 zilizojaa punje za risasi, zinazotumika sana msituni. Zinapiga punje nyingi kwa mara moja, na punje hizo zinabaki ndani ya nyama inayouzwa sokoni.

Dawa ipo. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kuna vichwa vya shaba tupu, vyenye tundu kwenye ncha. Vinafunguka kama ua la petali nne, havitawanyiki, vinabaki na uzito wao karibu wote, kwa hiyo vinafika pia. Ni ghali. Na ukikuta nyama imepigwa kwa risasi ya kawaida, kata na kutupa sehemu pana kuzunguka kidonda, usimpe mtoto wala mama mjamzito.

9. Sasa sisi tufanye nini?

Najua wengi wetu hatutashika bunduki maisha yetu yote, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sisi ndio tutakaokaa katika ofisi za mazingira, za kilimo, za kata na za wilaya. Sisi ndio tutakaoandika ripoti kiboko akiua mtu. Kwa hiyo naomba tubebe mambo haya.

Kwanza, kiboko akisumbua, kuua ni hatua ya mwisho. Mifereji, uzio, taa, kuhamisha njia ya kuchota maji, kuacha nafasi ya majani kando ya ziwa: hayo yanaokoa watu wengi kuliko bunduki. Kiboko anatoka usiku kula majani. Tumejenga na kulima mpaka kwenye sahani yake.

Pili, ikilazimika kuua, swali la kwanza lisiwe "nani ana bunduki?" Liwe: "Nani ana kibali, ana bunduki ya kaliba inayofaa, ana risasi gumu zinazofika, na anajua ubongo wa kiboko uko wapi?" Kama jibu ni hakuna, basi hatuna mtu wa kufanya kazi hiyo, tumwite anayefaa. Kutuma vijana na kalash kando ya maji ni kutafuta maafa ya pili.

Tatu, mnyama aliyejeruhiwa ni deni. Aliyepiga anapaswa kumfuata mpaka mwisho, na wakaaji wote waambiwe wazi: kuna kiboko mwenye kidonda, msitoke. Siku ile Kavimvira hakuna aliyetangaza. Watu walijua kwa kuona damu.

Na wewe mdogo wangu wa fizikia, samahani kwa lile jibu la njiani. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kalash haina upungufu wa nguvu. Ina nguvu ya kazi nyingine, na tumeizoea sana hata tunafikiri inafaa kwa kila kazi. Hiyo ndiyo shida yetu, si ya kiboko.